Maambukizi yanayoozesha figo: Mwenye kisukari asisubiri



Ndugu msomaji, katika safu yetu leo tutazungumzia maradhi ambayo wengi huyaanza kwa jina dogo la UTI, na baadhi yao huyamaliza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nayo ni maambukizi makali ya figo, yale yanayofikia kuozesha nyama ya figo lenyewe na kulijaza usaha au gesi.

Mimi ni tabibu hapa Kigoma. Wagonjwa wa namna hii hutufikia kutoka Ujiji, Mwanga, Gungu, na kutoka vijiji vya mwambao wa ziwa ambako usafiri ni boti. Wengi wao ni mama zetu na bibi zetu wenye kisukari. Na wengi hufika wakiwa wamekwisha kupoteza siku nne au tano nyumbani, wakitibiwa malaria ambayo haikupimwa, au wakipakwa mafuta kiunoni kwa kudhaniwa kuwa ni uchovu wa shamba.

Kuna jambo moja ningependa ulishike hata kama utasahau mengine yote. Usaha uliofungiwa ndani ya figo hautibiki kwa vidonge peke yake. Lazima utafutiwe njia ya kutoka, na mgonjwa awahi kufika mahali ambapo kazi hiyo inawezekana.

Figo hufanya kazi gani?

Allah (S.W.) amempa mwanadamu mafigo mawili, kila moja ukubwa wake kama ngumi, yakikaa nyuma ya tumbo chini ya mbavu za mwisho. Kila siku mafigo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kubakisha lita moja au mbili tu, ambazo ndizo mkojo. Kutoka kwenye figo mkojo hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye kibofu, na kutoka kibofuni hutoka nje.

Njia hii imewekwa iende upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Maradhi huanza pale bakteria wanapopanda kinyume chake. Mara nyingi bakteria hawa ni wale wanaoishi kwenye utumbo, ambao hutoka na choo kikubwa. Wakiingia kwenye njia ya mkojo hufika kibofuni, na hapo mtu huhisi mkojo ukichoma na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Wakipanda zaidi hufika kwenye figo. Hapo ndipo homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu upande wa nyuma huanza.

Mwanamke hupata maradhi haya zaidi kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Mwanamume hulindwa na urefu wa njia yake, lakini akishazeeka na tezi dume likavimba, mkojo hubaki kibofuni na bakteria hupata pa kuzaliana.

Kwa nini figo lioze?

Maambukizi mengi ya figo hupona vizuri kwa dawa za kuua bakteria. Ama yale yanayoharibu figo, mara nyingi huwa na moja ya mambo mawili nyuma yake: sukari nyingi mwilini au njia ya mkojo iliyoziba.

Sukari ikiwa nyingi, askari wa mwili wanaopigana na bakteria hulegea. Vimishipa vya damu vya figo pia huwa vimeharibika, hivyo damu, na dawa iliyomo ndani yake, haifiki vizuri. Zaidi ya hayo, bakteria wenyewe huila sukari hiyo na kuichachua, mithili ya togwa linavyochachuka kwenye mtungi, na kutoa gesi. Gesi hiyo hujipenyeza ndani ya nyama ya figo, vimishipa vya damu huziba, na nyama iliyokosa damu hufa. Huko Marekani, madaktari Kelly na MacCallum waliieleza hali hii ya gesi katika njia ya mkojo mwaka 1898. Leo inajulikana kuwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wanaoipata wana kisukari.

Njia ikiziba, mkojo hubaki juu kama maji ya mfereji uliozibwa na tope. Kinachoziba huweza kuwa jiwe, tezi dume, saratani ya shingo ya kizazi inayobana mirija, au makovu ya kichocho cha mkojo. Bakteria wakiingia kwenye mkojo huo uliotuama, figo lote hugeuka kuwa mfuko wa usaha. Wengine hupata jipu ndani ya figo au pembeni yake.

Usidhani kisukari ni maradhi ya matajiri wa mjini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania wana kisukari. Wengi hawajui kuwa wanacho. Kuna mgonjwa ambaye siku anayogundulika kuwa na kisukari ndiyo hiyo hiyo anayoletwa na figo lililojaa usaha.

Dalili ambazo hazitaki subira

Subira ni jambo jema, lakini si kwa dalili hizi. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

1. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu au kiuno upande mmoja, hasa kwa mwenye kisukari, mjamzito, mzee, au mtu aliyewahi kuwa na mawe ya figo.

2. Kutapika kiasi kwamba dawa ya kumeza haikai tumboni.

3. Mkojo kupungua sana, kuwa na usaha au damu, au kutotoka kabisa.

4. Kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka au kusinzia mno.

5. Kuhema haraka, mikono na miguu kuwa ya baridi, au presha kushuka.

6. Homa isiyoshuka baada ya siku mbili au tatu za dawa alizoandikiwa.

Dalili ya nne inahitaji maelezo. Katika jamii yetu, mtu mzima akianza kuongea maneno yasiyo na mpangilio, wapo wanaosema amepandwa na jini, na safari ya hospitali hugeuka safari ya kwa mganga. Kumsomea mgonjwa Qur'an na kumwombea dua ni jambo jema, na hakuna tabibu anayelizuia. Lakini somo hilo linaweza kufanyika ndani ya gari au boti mkiwa njiani. Kwa mwenye homa, kuchanganyikiwa ni alama kwamba maambukizi yameenea kwenye damu na ubongo umeanza kuathirika.

Mambo manne ya kuepuka nyumbani

La kwanza, usimpe mwenye kisukari maji ya glukosi wala soda eti apate nguvu, isipokuwa kama amepimwa na sukari yake imeonekana kushuka. Mazoea haya ya kubeba pakiti ya glukosi kumwona mgonjwa yamewaongezea wengi matatizo.

La pili, usinunue diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za aina hiyo. Kwa mtu aliyeishiwa maji mwilini na ambaye figo lake linaumwa, dawa hizo hulizidishia figo madhara. Parasetamo kwa kipimo chake ni salama zaidi wakati mnajiandaa kwenda hospitali.

La tatu, usinunue vidonge viwili vitatu vya kuua bakteria dukani kwa kukisia. Bakteria wengi wa njia ya mkojo hapa nchini wamekwisha kuzizoea dawa za kale kama ampisilini na septrini. Dozi ya nusu nusu haiui, bali hupunguza homa kidogo na kumpa mgonjwa matumaini ya uongo huku figo likiendelea kuoza.

La nne, usisimamishe insulini kwa kisa kuwa mgonjwa hali chakula. Wakati wa homa sukari mara nyingi hupanda. Wasiliana na mhudumu wa afya akuelekeze kiasi. Vidonge vya metformini, kwa upande mwingine, kwa kawaida husimamishwa na daktari mgonjwa anapozidiwa namna hii, basi mweleze dawa zote anazotumia.

Hospitalini hufanywa nini?

Ndugu wengi hukasirika hospitalini kwa kuwa hawaelezwi kinachoendelea. Hebu tukipange.

Kazi ya kwanza ni kuokoa uhai. Mgonjwa hupimwa presha, pumzi, joto na sukari. Huchukuliwa mkojo na damu, ikiwezekana kabla ya dawa, ili ioteshwe maabara na kujua ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Dawa kali za kuua bakteria huanzwa kupitia mshipa, na kwa mgonjwa mahututi hutakiwa zianze ndani ya saa moja, bila kusubiri majibu ya kuotesha ambayo huchukua siku kadhaa. Insulini hutolewa ili kushusha sukari. Mpira wa mkojo huwekwa ili kufungua kibofu na kupima ni mkojo kiasi gani unatoka. Kwa mtu mwenye kilo 60, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa ni habari mbaya, na ndiyo maana muuguzi huja kila mara kuutazama mfuko ule.

Hapa niseme neno kuhusu dripu. Maji huhitajika, lakini si kwamba kadiri yanavyozidi ndivyo bora. Huko Lusaka, katika nchi jirani ya Zambia, ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya watu wazima wenye maambukizi ya damu na presha iliyoshuka. Wengi wao walikuwa pia na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi kwa haraka kwa utaratibu maalumu walifariki 48 kati ya 100, na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida walifariki 33 kati ya 100. Kwa hiyo muuguzi akipunguza kasi ya dripu baada ya kusikiliza kifua, usimlaumu wala usiifungue mwenyewe. Presha ikigoma kupanda kwa maji, ipo dawa maalumu ya kuipandisha, nayo huhitaji uangalizi wa karibu.

Kazi ya pili ni kutazama ndani. Altrasaundi huonyesha kama figo limevimba kwa mkojo ulioziba, kama kuna jiwe au jipu. Gesi, hata hivyo, huweza kuidanganya altrasaundi, ikaonekana kama ni utumbo au jiwe. Picha ya CT ndiyo inayoonyesha wazi gesi iko wapi na imesambaa kiasi gani. Pale ambapo kifaa hakipo au mgonjwa anahitaji mtaalamu wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, hupewa rufaa.

Kazi ya tatu ndiyo niliyoitaja mwanzo: kuutoa usaha. Daktari huongozwa na picha, hupitisha sindano na mrija mwembamba kwenye ngozi ya mgongo hadi ndani ya figo, na usaha hutoka kwenye mfuko. Kama tatizo ni mrija ulioziba, anaweza pia kupitisha kijimpira kutoka kibofuni kwenda juu ili mkojo upate njia. Mgonjwa hachanwi tumbo.

Zamani iliaminika kuwa figo lenye gesi lazima liondolewe haraka. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti 10 zenye wagonjwa 210 na kulinganisha matibabu. Waliotibiwa kwa dawa peke yake walifariki nusu yao. Waliopewa dawa na kuondolewa figo kwa dharura walifariki robo. Waliopewa dawa na kuwekewa mrija wa kutoa usaha walifariki takriban 13 au 14 kati ya 100. Tangu hapo mrija ndio unaotangulizwa, na figo huondolewa pale tu mrija unaposhindwa au figo likiwa limekufa lote. Zipo pia hali nyepesi ambazo gesi ni kidogo na njia haikuziba. Hizo huweza kupona kwa dawa pekee chini ya uangalizi.

Madaktari wa Taiwan, Huang na Tseng, walionyesha mwaka 2000 alama nne za hatari kwa wagonjwa hawa: chembe sahani za damu kupungua, mafigo kushindwa kazi, fahamu kuvurugika, na presha kuanguka. Mwenye mbili au zaidi ya hizo yuko hatarini sana, na huenda akahitaji hatua kubwa zaidi. Ukiitwa na daktari akakueleza hayo, elewa kwamba anakuomba uamuzi wa haraka. Usijibu kuwa mnasubiri mjomba afike kutoka Dar es Salaam.

Dawa za kuua bakteria huendelea kwa wiki mbili au zaidi, na picha hurudiwa kabla mrija haujatolewa. Mgonjwa akijisikia nafuu siku ya tatu asiombe ruhusa ya kurudi nyumbani.

Safari ya kutoka ziwani

Kwa ndugu zetu wa Kagunga na Mwamgongo upande wa kaskazini, au Buhingu na Kalya upande wa kusini, hospitali ya mkoa ya Maweni iko mbali kwa njia ya maji, na boti haliondoki kila saa wala ziwa halitulii kila siku. Rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ni safari ndefu zaidi, kupitia Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo hesabu ya mtu wa mwambao lazima ianze mapema kuliko ya mtu wa mjini. Usisubiri dalili zote sita. Homa na ubavu kwa mwenye kisukari zinatosha kuanza safari. Pitieni zahanati ya kijiji apate sindano ya kwanza na barua. Chukueni dawa zake, daftari la kliniki na mtu wa kuchangia damu. Nayo misikiti yetu, yenye kawaida ya kuchangishana kwa ajili ya maziko, ingefanya vizuri kuwa na akiba ya mafuta ya boti kwa ajili ya wagonjwa.

Aura, swala na funga

Wako wanawake wanaokataa kuwekwa mpira wa mkojo kwa sababu mhudumu ni mwanamume. Mwenye haki aombe mhudumu mwanamke, na akiwepo apewe. Asipokuwepo, wanazuoni wameeleza kuwa dharura huruhusu kufunuliwa kwa kiasi cha haja tu. Mume asimzuie mkewe kwa jambo ambalo sheria imelifanyia wepesi.

Mwenye mpira wa mkojo haachi swala maadamu ana akili zake. Hukumu yake ni kama ya mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo mfululizo: kwa madhehebu ya Imam Shafii hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati kuingia, kisha huswali na hali yake. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu. Kwa undani wake muulize sheikh wako. Ama Ramadhani, Qur'an imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kisukari apimwe kabla ya mwezi kuingia, na aliyetoka kuugua figo asifunge mpaka tabibu amwambie.

Kinga huanzia nyumbani

Twahara tuliyofundishwa madrasa ni kinga kubwa. Wafundisheni mabinti kuosha kutoka mbele kwenda nyuma. Kunyweni maji salama ya kutosha. Msizuie mkojo kwa muda mrefu, katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), tumekatazwa hata kuswali huku tukizuia haja. Wanawake wanaosafiri kwa boti hujinyima maji tangu alfajiri ili wasihitaji choo, basi wenye vyombo wawafikirie kwa kutia nanga njiani. Mzee anayekojoa kwa shida aende akapimwe tezi dume, asione haya. Na kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apime sukari japo mara moja kwa mwaka. Ni tone moja la damu kwenye kidole.

Ndugu msomaji, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba, na tiba ya maradhi haya ipo. Leo ukimaliza kusoma, muulize mama yako au bibi yako mwenye kisukari kama ana homa au maumivu ya ubavu. Akisema anayo, msilale nayo.

Wabillahi tawfiq.